Nusu ya Mtikisiko

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Mawingu alibonyeza kitufe cha mtikisiko mkali kazini kwake, na nyumbani, kilomita sita kutoka hapo, cherehani ya mkewe ikanyanyuka mezani kiasi cha shubiri, ikatua, ikanyanyuka tena. Mkewe alikuwa anashona kola ya shati la sare. Aliondoa mguu kwenye pedali, akasubiri. Wingu zito lilikuwa limetanda chini ya dari kuanzia mlangoni hadi kabatini, na mvua ikanyesha dakika mbili nzima juu ya kochi. Ilipokwisha alikamua vitambaa, akafumua mshono uliokwenda upogo, akaanza upya.

Mawingu halikuwa jina la kuzaliwa. Alikuwa fundi wa mtambo wa kuigizia urukaji, ule ambao chuoni wote waliuita simuleta: chumba cha rubani kisicho na ndege, kimesimama juu ya miguu sita ya chuma inayokipandisha na kukishusha. Mwanafunzi aliingia ndani na mwalimu wake, na Mawingu akabaki nje kwenye meza ya vitufe, akiwaletea hali ya hewa. Ukungu alikuwa nao, upepo wa ubavuni alikuwa nao, radi, barafu ya kwenye mabawa, chochote ulichotaka. Jina hilo la utani lilimpendeza, hata kwenye kikombe chake cha chai aliliandika. Mtikisiko, yaani ndege kurushwarushwa na hewa, ulikuwa na vitufe vitatu: mdogo, wa kati na mkali.

Zamani mkali ulikuwa mkali kweli. Watu walitoka mle wamejitapikia, mmoja alijiuma ulimi, na waliofeli walikuwa wengi kuliko waliofaulu. Miguu ya chuma nayo ikaanza kuvuja mafuta. Miaka sita iliyopita mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwomba aupunguze kidogo. "Ni namba tu, Mawingu," alisema. Na kweli ilikuwa namba tu. Mahali palipoandikwa moja, Mawingu aliandika nusu. Kitufe hakikuguswa, kiliendelea kusema MKALI kwa herufi nyekundu. Kila mwaka fomu ya ukaguzi ilipokuja, kwenye mstari unaouliza kama hali ya hewa ya mtambo inalingana na ya angani, alitia tiki penye "inalingana" akasaini. Mwaka wa kwanza mkono ulikuwa mzito. Mwaka wa pili ukazoea.

Ile nusu iliyokatwa haikupotea. Ilihamia nyumbani kwake.

Mkewe aliipokea kama anavyopokea kila kitu, yaani alitafuta jinsi ya kuishi nayo. Glasi alizishusha rafu ya chini. Kabati alilipigilia ukutani. Aliitwa fundi wa paa, akapanda, akashuka, akasema mabati ni mazima na mvua hii inaanzia chini ya dari, kwa hiyo si kazi yake. Wateja walizoea. Mama mmoja alipimwa kiuno huku ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, na upepo ulipotulia akaomba wapime tena, maana alikuwa amebana pumzi. Mwishowe mkewe Mawingu alishona mkanda wa turubai wenye kifungo, akaufunga kwenye kiti chake cha kushonea, na kila alipoona mkasi unaanza kutembea mezani alijifunga.

Jioni alimsimulia mumewe kwa saa na dakika, kwani mshonaji ni mtu wa vipimo. Leo saa nne na robo. Jana saa nane kasoro kumi, tena mara mbili mfululizo, ya pili ikamchoma sindano kidoleni hadi ukuchani. Mawingu alisikiliza huku anakula. Jana saa nane kasoro kumi mwanafunzi mmoja aliomba kurudia zoezi. Mawingu alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Alijitia hamnazo, akasema labda ni unyevu, akasema nyumba za siku hizi zinajengwa ovyo. Kisha akakichukua kile kidole, akakibandika plasta kwa uangalifu mkubwa, na mkewe alipomwambia asante, haya ilimpanda mpaka masikioni.

Huko angani nako neno lilianza kuchuja. Marubani waliotoka chuo kile walifundishwa kwamba ule ndio mkali, basi walipokutana na mtikisiko wa kati walitangaza redioni, kwa uaminifu wao wote, "mtikisiko mkali," ili wanaofuata nyuma wapite kando. Wanaofuata walipita kando mara ya kwanza na ya pili. Walipoona wanazunguka bure, wakasema wale wanatia chumvi. Ukazaliwa utani, "mkali wa darasani," na rubani aliyeusikia alicheka akanyoosha njia. Miezi mitatu iliyopita ndege moja ilinyoosha njia hivyo hivyo, ikaingia kwenye mkali mwenyewe. Mhudumu aliyekuwa anagawa chai alirushwa darini, akavunjika paja na bega.

Wachunguzi walikiandikia chuo barua, chuo kikawapelekea fomu. Mkuu alimwonyesha Mawingu nakala zake, tiki sita na saini sita, zote safi. Akamwambia ameokoa jahazi, akampa mkono. Mawingu aliupokea. Kisha alikwenda chooni, akajifungia, akakaa humo muda mrefu bila haja yoyote.

Sasa, katika wanafunzi wa mwaka ule alikuwamo binti yake wa mwisho, ambaye kwa kuwa ni kitindamimba walimwita Kitinda. Tangu sekondari alilala bwenini, na mwisho wa wiki au likizo, alipokuja nyumbani, madarasa yalifungwa na nyumba ilitulia. Aliona mkanda wa kwenye kiti akadhani mama yake anaumwa mgongo. Hali ya hewa aliyoijua yote alikuwa ameipata kwa baba yake, na alijivunia. Aliwaambia wenzake kwamba baba yake hajawahi kumdanganya hata kuhusu pipi.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Alhamisi. Asubuhi hiyo Mawingu alipiga moyo konde, akaapa kuirudisha ile moja. Alijua kitakachofuata. Mtahini, ambaye anaruka kila wiki, angekijua kitu kipya mara tu miguu ya chuma itakapoamka, angeuliza kimetoka wapi, na miaka sita ingemwagika sakafuni. Na Kitinda, ambaye hajawahi kukionja, huenda angefeli mbele ya macho yake. Lakini akiuacha ulivyo, mtoto angepanda angani na nusu ya kitu anachodhani ni kizima.

Alifungua ukurasa wa namba. Akafuta nusu, akaandika moja. Kwenye kioo cha meza yake, kilichoonyesha ndani ya mtambo, aliona kisogo cha binti yake na mabega yaliyonyooka kama alivyomfundisha. Mkuu wa chuo alikuja kusimama nyuma yake, akasema leo ni siku ya mtoto wetu, akamgusa bega kidogo, akaenda zake. Wala hakutishia chochote.

Mawingu akafuta moja, akaandika nusu. Kisha akachukua simu, akapiga nyumbani.

"Mama Kitinda, jifunge mkanda."

Alisikia cherehani ikisimama.

"Mara ngapi?" mkewe aliuliza.

"Mara tatu. Ya kwanza ni sasa hivi."

Kifungo cha mkanda kikalia.

"Kumbe ulikuwa unajua," mkewe alisema.

Mawingu akabonyeza. Hakukata simu. Alisikia mkasi ukianguka, mvua ikipiga kochi, kioo cha kujitazamia wateja kikipasuka, na mkewe akihema kwa kuhesabu. Alisikiliza mara zote tatu, kwa kuwa aliona hilo ndilo dogo awezalo kumfanyia, na kweli lilikuwa dogo. Aliona aibu ya kukata na aibu ya kusikiliza. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi bila kukosea.

Kitinda alifaulu kwa alama za juu. Alishuka ngazi ya mtambo anacheka, nywele hazijamtimka hata kidogo, akamuuliza baba yake kama mkali wenyewe ndio huo. Akamjibu ndio huo. Mtahini akampongeza mzazi.

Nyumbani mkewe alikuwa anafagia vioo. Hakumtukana, na Mawingu angependa sana kutukanwa. Aliomba vitu viwili tu. Cha kwanza, awe anamletea ratiba ya madarasa, apange wateja wake katikati. Kila Jumatatu Mawingu akawa anaileta, mkewe anaibandika karibu na dirisha, na tangu hapo hakuchomwa sindano tena. Cha pili, amwambie mtoto.

Mawingu alikubali. Siku ya kwanza ya kumwambia, Kitinda alikuwa amevaa sare mpya na watu wanapiga picha. Siku ya pili alikuwa amechoka. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kuruka, na Mawingu akajiambia kwamba anga haliko hivyo kila siku, jambo ambalo ni kweli.

Mwezi wa pili wa kazi, Kitinda alipiga simu mchana kutoka uwanja wa ndege wa mbali. Mawingu aliipokea mezani, darasa likiwa limeshakaa ndani ya mtambo na mwalimu ameinua kidole gumba kuashiria wako tayari. Sauti ya mtoto ilikuwa ya chini. Alisema wamekutana na kitu juu ya milima, kitu ambacho mikono yake haikukijua, na abiria wawili wameumia kichwani. Alitangaza mkali, wakacheka redioni. Akatangaza tena. Ndege iliyokuwa nyuma yao ikasema imesikia, ikaja njia ile ile, na sasa imetua na magari ya wagonjwa yameizunguka, anayaona kutoka hapo alipo.

"Baba, wewe ndiye unayejua mambo haya," alisema. "Kuna neno gani linalozidi mkali?"

Mwalimu alikuwa bado ameinua kidole gumba. Kulingana na ratiba, mkewe alikuwa ameshajifunga.

"Hilo hilo, mwanangu," Mawingu alisema. "Litamke tu kwa nguvu."