Mstari wa Njano

Rangi ya njano ilikuwa bado imeganda kwenye kucha za Bwana Dakika watu wa kwanza walipofika langoni. Alfajiri alipiga magoti kando ya barabara, akachora mstari mnene kuvuka njia ya waendao kwa miguu, hatua mia mbili kutoka lango la bustani ya bembea. "Foleni ikiuvuka huu," alimwambia meneja, "nirudishe kuchana tiketi." Ulimi hauna mfupa, na wake haukuwa hata na breki.

Likizo iliyopita watu walisukumana mpaka uzio ukalala. Mwanamke mmoja alivunjika mkono, polisi wakaifunga bustani wiki nzima. Yeye aliyaona yote kutoka kibandani alimokuwa akichana tiketi. Kwa miezi mitatu alijifungia na karatasi za mirabaraba, akatoka na mpango: tiketi zinunuliwe kwa simu mapema, kila moja iwe na saa yake, na kila saa ipokee watu mia tatu, wakubwa mia mbili na watoto mia. Nafasi zikijaa, mnunuzi apewe za saa inayofuata. Wenzake walimbandika jina la Bwana Dakika kwa kejeli. Yeye akalivaa kama koti jipya. Elimu aliyojichimbia mwenyewe mtu huilinda kwa wivu kuliko ya kupewa.

Leo shule zilikuwa zimefungwa. Tangu kupambazuka miguu yake haikutulia mahali pamoja.

Saa tatu na dakika ishirini alimwendea Mama Lango, aliyesimama penye mnyororo na mashine ya kukagua tiketi, kidude cha kuhesabia kiganjani.

"Wangapi?"

"Tisini na sita."

"Mama, acha mzaha. Nje hapa wapo zaidi ya mia nne."

"Wapo. Ila hawaingii. Wamegota kama maji kwenye sinki lililoziba."

Alijipenyeza katikati ya watu akipaza sauti. "Mwenye saa tatu aingie. Mwenye saa nne asogee pembeni."

Mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mabegani alimwonyesha simu yake. "Mimi saa tatu, bosi. Huyu saa nne. Sasa nimtundike wapi?"

"Wa kwangu mmoja ni saa tano," mwanamke akadakia. "Ana miaka minne. Labda ana miadi yake."

Watu wakacheka, kicheko kikali kisicho na furaha. Bwana Dakika alichukua simu moja, akachukua nyingine, ya tatu hakuimaliza. Wakubwa mia mbili, watoto mia. Hesabu hiyo aliitoa kwenye daftari za siku za kawaida, siku ambazo bustani hujaa wachumba wanaoshikana vidole. Leo kila mzazi alikuja na watatu, wanne, na mtoto wa jirani juu yake. Nafasi za watoto zilijaa mapema, za wakubwa zikabaki wazi, na mashine ya tiketi, kwa utii wote aliouamuru, ikawatenga watu na watoto wao. Yeye hana mtoto. Katika miezi mitatu ile hakuuliza hata mmoja aliye naye.

Jasho lilimshuka mgongoni. Kule nyuma mkia wa foleni ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Juu, dirishani kwa meneja, pazia lilikuwa limesogezwa.

"Zima mashine," alimwambia Mama Lango.

"Na mpango wako?"

"Hesabu vichwa. Mtoto anaingia na aliyemleta, saa yake iwe yoyote. Ikifika mia tatu, funga mnyororo."

"Watakaobaki na saa tatu mkononi?"

"Nitawaambia mimi."

"Haya. Utawaambia wewe."

Kidude kikaanza kulia, tik, tik, tik. Foleni ikajinyoosha, ikatembea. Yule wa mtoto mabegani alikuwa bado mbali. Mia mbili ikapita, mia mbili na hamsini. Familia ya watu watano ikaingia kwa mbio, na Mama Lango akafunga mnyororo.

"Mia tatu."

Mbele ya mnyororo alisimama mama yake Bwana Dakika, katika gauni lake la kuendea harusi za watu, akiwa amewashika mikono wajukuu wake wawili, wapwa wa mwanawe. Tiketi zao alizinunua Bwana Dakika mwenyewe. Katika maisha yake yote mama huyu hajawahi kupanda bembea.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi ni saa tatu."

Mama Lango aliinama sikioni mwa Bwana Dakika. "Watatu tu. Nani atajua?"

Alitazama nyuma ya mama yake. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea yeye.

"Pamejaa, mama. Saa nne kamili mtaingia, wa kwanza."

"Ndivyo unavyoniambia mbele za watu?"

"Ndivyo ninavyowaambia wote."

Mama alimkazia macho kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yake. Mtu wa mtoto mabegani akauliza, "Kumbe ni mama yake?"

"Ndiye aliyemzaa," Mama Lango akajibu.

Mtu yule aliguna, akamshusha mtoto, akakaa ukingoni mwa njia. Mwanamke mmoja akafuata. Wengine walibaki wima, wakinung'unika, na mmoja alisema atakwenda kumwona meneja.

Mwishowe mama naye akakaa. Alitandika leso, akawakalisha wapwa, akasogea kidogo. Bwana Dakika akakaa penye nafasi ile. Simu ikaanza kuita mfukoni mwake. Alijua ni nani.

"Pokea," mama alisema bila kumtazama.

Mpwa mdogo alikuwa ameushika mkono wa mjomba wake na kuanza kuibandua rangi ya njano kutoka ukucha wa gumba. Simu ikanyamaza, ikaita tena. Miguu ya Bwana Dakika ilikuwa imetulia. Alimwachia mtoto kidole, na hakugeuka kutazama mkia wa foleni umefika wapi.