Sekunde Tisini za Mama Pipa

Jumanne tarehe kumi na tisa Machi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Pipa lilifungua kinywa likamtemea mvuke binti wa watu, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naisoma geji ya boila wakati ukelele ulipopenya ukuta. Na mvuke ule nilikuwa nimeupika mimi. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita huu: mimi nachemsha, wengine wanafua.

Pipa ni jina letu la kiwandani. Kwenye karatasi za ofisi lina jina refu ambalo ulimi wangu haujawahi kulimaliza. Ni silinda ya chuma, mtu mrefu husimama ndani bila kuinama, ambamo mashuka ya hospitali hupikwa kwa mvuke mpaka vijidudu vyote vife. Lina mlango wenye usukani, lina sindano ya kuonyesha nguvu ya mvuke, na chini lina kibomba kidogo cha kutolea maji. Ukiliheshimu ni punda. Ukilidharau ni chui.

Nilimkuta binti amekaa sakafuni, mkono ameuzamisha kwenye ndoo ya maji, meno yanagongana. Tulimwita Cherehani, kwa kuwa alipoanza kusema hakupumua mpaka hadithi iishe. Siku hiyo uzi ulikuwa umekatika.

"Sindano ilikuwa sifuri, mzee," alisema. "Naapa. Ilikuwa sifuri. Nilifanya vilevile alivyofundisha Mama Pipa."

Mama Pipa alikuwa mke wangu. Na siku hiyo alikuwa na miezi kumi na mmoja kaburini.

Ijumaa wakabandika karatasi ubaoni. Mimi shule niliiacha darasa la nne, baba alipofariki, kwa hiyo herufi natembea nazo kama mtu aliyevaa kiatu kinachobana. Nafika, ila nafika nachechemea. Nilisoma mara tatu. Ajali, ilisema, imetokana na mambo mawili. La kwanza, mfanyakazi hakuwa makini, hivyo anasimamishwa kazi bila mshahara mpaka kikao cha Jumatano. La pili, marehemu aliyerekodi somo la video la Pipa hakutoa tahadhari kamili.

Marehemu. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya lile Pipa na hakuwahi kumuunguza hata nzi. Figo zilipoanza kumsumbua, aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, na barua yake ikalala mezani kwao siku tisa kama paka kwenye jua. Alipokwenda, daktari aliuliza, "Mlikuwa wapi?" Sasa walewale waliomchelewesha wakaona haitoshi. Wamtwike na mkono wa Cherehani, maana maiti hana wa kumtetea.

Nikaenda kwa meneja na ovaroli yangu ya boila, mafuta na yote.

"Mzee Mvuke, karibu," alisema, huku akisogeza kiti chake cha kitambaa nisije nikakikalia.

"Mke wangu alisema kila kitu."

"Tumeitazama video mara tatu. Hakusema. Mtu akifa hasemwi vibaya, naelewa, lakini kufa hakufuti makosa."

"Mmeitazama mpaka mwisho?"

"Mpaka palipoandikwa Hongera. Baada ya hapo kuna nini tena?"

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe somo lile sikuwahi kuliona. Alipolirekodi nilikuwa kwenye boila, nampa mvuke. Na alipokufa, wafanyakazi wapya walikuwa wakilisikiliza kwenye kompyuta ya chumba cha chai, nami nikipita mlangoni naziba masikio. Kumsikia akisema na watu wengine wakati nyumbani hasemi na mimi, hilo lilinishinda.

Lakini maneno yake niliyajua. Wiki nzima kabla ya kurekodi alifanyia mazoezi jikoni kwetu. Sufuria kubwa ndiyo ilikuwa Pipa, mfuniko ndio mlango, na mimi ndiye niliyeshika saa ya mkononi.

"Funga mvuke," angesema, mwiko mkononi kama mwalimu. "Subiri sindano ishuke sifuri. Ikishuka, bado usiiamini. Sindano hii ni nzee, hukwama, huongopa. Fungua kibomba cha chini. Kikipiga chafya, mvuke bado umo. Kikinyamaza kabisa, zungusha usukani nusu, nawe usimame pembeni. Usisimame mbele hata kama unaitwa na mkurugenzi." Halafu angenigeukia. "Ngapi, baba watoto?"

"Dakika moja na sekunde hamsini na mbili."

"Jana ilikuwa hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Wewe ni saa, mke wangu. Kasoro mishale."

Angenipiga na kitambaa cha vyombo, aanze tena.

Hayo nilikuwa nayo. Lakini usiniulize nililalaje Ijumaa ile. Chuma hupata ufa, sembuse mwanadamu. Siku ya kurekodi alikuwa ameanza kuvimba miguu, na taa walizomuwashia zilikuwa kali. Je, kama kweli alisahau? Kama pale alipotakiwa kusema kibomba, maneno yakampotea, naye akatabasamu na kuliachia hapo? Nilijichukia kwa kulifikiria. Nikalifikiria mpaka Jumatatu.

Jumatatu, saa ya chai, nikaingia chumba cha chai, nikakaa mbele ya kompyuta, nikamwomba mama wa taulo, yule wa kuzikunja, anifungulie somo la Pipa. Nikavua saa, nikaiweka mezani.

Akatokea. Kilemba chake cha kijani, ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Akasema funga mvuke. Akasema geji iko wapi, usukani uko wapi. Akasema, "Subiri sindano ishuke sifuri. Ikishuka..." Akainua kidole. Mdomo ukafunguka, kifua kikajaa pumzi.

Na skrini ikageuka. Viganja viwili vya njano vikapiga makofi. *Hongera! Umemaliza somo.* Kisha maswali matano, na hakuna hata moja lililouliza habari za kibomba. Mama wa taulo aliniambia Cherehani alipata yote matano.

Nikatazama saa. Dakika moja na nusu kamili.

Sasa mimi sijui kompyuta, ila najua mtu akiwa anataka kusema. Nimeishi na yule mwanamke miaka thelathini na moja. Akiinua kidole kile, hata mvua husubiri. Aliyesahau hainui kidole, hukikunja.

Masomo yale yalitengenezwa na mama mmoja wa ofisini, mtu wa miwani na shali, ambaye chumba chake ni kile kilichokuwa stoo ya sabuni. Mpaka leo kompyuta yake inanukia blichi. Nilimwendea Jumatano saa sita na nusu, watu wote wakila, saa moja na nusu kabla ya kikao.

"Mama, wewe ndiye uliyemkata mke wangu?"

Akashusha miwani. "Simkati mtu, mzee wangu. Kaa kwanza."

"Nitasimama. Zilikuwa sekunde mia na kumi na mbili. Kwenye kompyuta yenu ni tisini. Ishirini na mbili zimekwenda wapi?"

Akafungua somo, lakini si kama tulivyoliona sisi. Hapa palikuwa na picha ya mke wangu juu, na chini yake mistari imelala kama kamba za kuanikia nguo, yenye namba za sekunde. Akasogeza miwani puani. Akasogea karibu na skrini. Kisha akajishika shavu.

"Yarabi," alisema. "Ona hapa. Upau huu wa juu ni slaidi, yaani ukurasa. Huu wa chini ni video. Slaidi inaishia hapa, tisini. Video bado inaendelea."

"Inaendelea wapi?"

"Humu humu. Ipo yote. Slaidi ikiisha muda wake inafunga mlango na kwenda ukurasa unaofuata, hata kama mtu bado anasema. Haijinyooshi yenyewe. Ni lazima uivute kwa mkono ilingane na video."

"Na hukuivuta."

"Meneja alisema masomo yote yawe sekunde tisini, yaishe kabla chai haijapoa. Nikapewa kiolezo, kila slaidi tisini tayari. Wiki mbili, masomo thelathini na mawili. Niliweka video, nikabonyeza hifadhi, nikaenda nyingine." Sauti ikapungua. "Sikukaa kuyatazama."

Nilikuwa nimekuja na matusi yangu, nimeyapanga vizuri njiani. Nilimtazama yule mama ndani ya stoo ya sabuni, feni moja, dirisha hakuna, nikaona naye anapika mvuke kama mimi. Wenye kupanga sekunde hawakai huku.

"Nionyeshe inavyovutwa."

"Nitaivuta mimi, mzee."

"Mke ni wangu."

Akanipa kipanya. Mkono huu umezungusha vali za ukubwa wa gurudumu la lori, lakini kile kidude kilinitoroka mara mbili kama sabuni majini. Mara ya kwanza niliburuta picha ya mke wangu mpaka kona ya chini. "Rudisha, rudisha," alisema yule mama, na nadhani sote wawili tulikuwa karibu kucheka. Mara ya tatu nikaukamata ukingo wa upau. Nikabana. Nikavuta kulia, polepole, kama unavyofungua mvuke kwenye bomba baridi. Mia. Mia na tano. Mia na kumi na mbili.

"Hapo," nikasema.

"Bado, mzee. Video yake imepita hapo."

"Haiwezekani. Saa nilishika mimi."

"Angalia mwenyewe. Mia na kumi na tisa."

Sekunde saba zaidi. Katika mazoezi yote hazikuwapo. Nilibaki nimeushika ule upau. Nikauvuta mpaka mistari miwili ikalingana, juu na chini, kama shuka lililokunjwa na watu wanaoelewana. Alipotaka kubonyeza tusikilize, mlango ukagongwa. Kikao kimesogezwa mbele. Mkaguzi wa kazi amewahi kufika na anataka kuondoka mapema.

"Hifadhi," nilimwambia. "Twende nayo hivyohivyo."

Kwa hiyo niliingia kikaoni sijui sekunde saba zile zina nini. Mezani walikuwa mkurugenzi, meneja na mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye daftari kubwa. Cherehani alikaa pembeni, mkono una bendeji nene, macho chini. Meneja akasoma karatasi yake. Alipofika kwenye "marehemu hakutoa tahadhari", nikanyoosha mkono.

"Naomba tumsikilize marehemu mwenyewe."

"Tulishamsikiliza," akasema meneja.

"Mlimsikiliza kama mnavyotusikiliza sisi. Nusu."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Fungueni."

Mama wa masomo akafungua, ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa maishani. Funga mvuke. Subiri sindano ishuke sifuri. Ikishuka... Kidole. Pumzi. Nikashika kiti.

Viganja vya njano havikuja.

"...bado usiiamini," mke wangu alisema.

Akaendelea, neno kwa neno, kama jikoni. Kibomba. Chafya. Kikinyamaza kabisa. Nusu ya usukani. Simama pembeni. Cherehani aliinua uso na machozi yakamtoka hapohapo, anatikisa kichwa, anasema, "Hii sikuonyeshwa. Wallahi hii sikuonyeshwa." Nami nilikuwa nahesabu. Mia na kumi. Mia na kumi na mbili. Nilijua amemaliza.

Hakumaliza. Akaitazama kamera, kilemba kikiwa kimelegea kidogo, uso wa mtu aliyekwishafikia uamuzi. "Na nyinyi wa ofisini mtakaotazama hii," alisema, "geji ya Pipa nimeomba ibadilishwe mara tatu. Mnasubiri imuunguze nani?"

Giza. Kisha Hongera, na makofi ya njano, na katika chumba kile sijawahi kusikia makofi yaliyokuwa na haki kama yale. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya mkurugenzi, mimi niliyezika mke na kicheko pamoja. Mama yule! Alijua hawatamsikiliza akiwa hai mlangoni, akajificha kwenye kazi yao wenyewe.

Mkaguzi aliuliza swali moja tu: "Maombi hayo matatu yako wapi?" Yakapatikana, kwenye faili, na tarehe zake. La kwanza lilikuwa la miaka minne nyuma.

Cherehani alirudi kazini na mshahara wake wote, na matibabu juu yake. Karatasi ya ubaoni aliibandua meneja kwa mkono wake. Nilisimama nyuma yake mpaka akatoa pini ya nne. Ikabandikwa nyingine, ya kuwasafisha Cherehani na marehemu, na hiyo niliisoma mara moja tu, bila kuchechemea. Pipa lina sindano mpya. Somo la Mama Pipa sasa ni dakika moja na sekunde hamsini na tisa, chai na ipoe. Wafanyakazi wapya wakifika kwenye zile saba za mwisho hupiga meza, na mimi siku hizi napita mlango ule nikiwa sijaziba masikio.

Lakini kikao hakikuisha vizuri kama wanavyosimulia. Watu walipokuwa wanakusanya karatasi, mama wa masomo alisema taratibu kwamba kuna masomo mengine thelathini na moja, ya forklifti, ya dawa kali, ya umeme, yote sekunde tisini, na kwamba walioyarekodi wengi wamekwishastaafu au wamehama. Meneja alisema yatafanyiwa kazi. Mkurugenzi alitazama saa. Mimi nikauliza, na mkaguzi aliandika kwenye daftari lake, na mpaka leo ninapoyaandika haya hakuna aliyenijibu: hao wengine, mlipowafungia mlango, walikuwa wameinua kidole kusema nini?