Mapasa Hawabebwi Mmoja Mmoja

Kwa watu wa Wivine, Waluba wa kaskazini ambao babu zao waliletwa Lubumbashi na kazi ya reli, watoto pacha wanaitwa mapasa, na mapasa hawana mkubwa wala mdogo. Ukimpa Kyungu, mpe na Kabange, kama mapasa wote wanavyoitwa. Ukimbeba mmoja, mbebe na mwenzake, la sivyo aliyeachwa atakasirika, ataugua. Basi Wivine, nkambo mzima, mama wa mama yao, alikuwa hajawabeba wajukuu wake mapasa hata siku moja. Mgongo uliomtesa miaka nenda rudi ungemruhusu mmoja. Wawili, thubutu!

Alikuwa akiwatazama tu kama mgeni, na ilimchoma moyo. Tena sherehe yao ilikuwa inakaribia, na katika ukoo wao nkambo wa upande wa mama ndiye anayewatoa nje kwenye ngoma. "Akishindwa, miye niko," alisema Émerance, mama mkwe wa binti yake, kwa sauti tamu ya mtu anayeomba ushindwe. Wakwe hawa, jamani!

Usidhani Wivine alikuwa amebweteka. Wifi yake Chancelvie aliwahi kupona mgongo kwa mazoezi, akamfundisha yale yale: kila asubuhi kuinama mpaka vidole viguse miguu. Wivine akainama kwa bidii ya mtu anayetubu. Kadiri alivyoumia ndivyo alivyozidi kuinama, maana dawa chungu ndiyo dawa, au sivyo?

Binti yake Abigaïl, mama wa mapasa, alichoka kumwona akijikunja hivyo. Akampeleka mtaa wa Makomeno kwa Précieuse, binti wa wafanyabiashara wa Kivu, fundi wa kunyoosha viungo, ambaye mji mzima unamwita kine. Précieuse alimuuliza anaamkaje, anafuaje, anakaaje, na Wivine akamsimulia mazoezi ya Chancelvie. Akamwinamisha mara kadhaa: maumivu yakateremka mpaka mguuni. Akamlaza kifudifudi, akamwambia ainue kifua kwa mikono, polepole, tena na tena. Maumivu yakatoka mguuni, yakarudi kiunoni, yakapoa.

"Banakwetu!" Wivine alisema. "Njo kusema nini?"

"Njo kusema mugongo yako haipende kuinama, mama. Ya Chancelvie ilikuwa inapenda. Kila muntu na mugongo yake."

Wivine alicheka, halafu akakasirika kweli kweli akikumbuka asubuhi zote zile. Tangu hapo akawa analala kifudifudi na kujiinua, anatembea, anajifunza kuchuchumaa kwa nyonga badala ya kupinda kiuno. Mguu ukatulia. Akaanza kufua akiimba.

"Sasa unaweza kuanza kubeba mutoto," Précieuse akamwambia. "Moja tu kwanza."

"Moja? Unataka ule mwingine agonjwe?"

Akamweleza mila yao. Précieuse hakucheka. Alileta bidoni, dumu la maji, akamshikisha mkono mmoja: Wivine akapinda upande, mgongo ukalalamika. Akaleta la pili, lenye maji sawasawa, akamshikisha mkono wa pili. Wivine akasimama wima, mwenyewe akashangaa.

"Ya upande moja inakuvuta," alisema Précieuse. "Mbili zinasimamishana. Basi mama, ubebe bote babili."

Siku ya sherehe Émerance alikuwa ameshajifunga kitenge, yuko tayari kabisa. Wivine akakaa kwenye kiti, Abigaïl akamwekea Kyungu mkono huu na Kabange mkono ule. Akawavuta kifuani, akakanyaga chini imara, akasukuma kwa mapaja. Akasimama. Mgongo ulimnong'oneza kidogo, hakuujibu. Kabange akampigia chafya shingoni, na Wivine akalia machozi ya furaha mbele za watu, bila haya, huku miguu ikifuata ngoma.

Émerance akamsogelea na mkono mmoja mbele. "Umechoka, mama. Unipe moja, nikusaidie."

"Moja?" Wivine alisema, akiendelea kucheza. "Mama, ulete mikono yote mbili, ao uache."