Matundu ya Muundi

Mama Mtoro aliosha mifupa kwa mswaki laini, kwa maji matupu, kisha akaianika wavuni kivulini, maana jua huipasua. Hayo alifundishwa na Profesa, aliyeitwa kuichunguza mifupa, tangu tingatinga la machimbo ya mawe lilipoibua mafuvu na kazi ikasimama. Ikionekana mifupa ni ya kale, ingepelekwa kwenye makumbusho ya Profesa yaliyokuwa yakijengwa, na mawe yaendelee kuchimbwa. Ikiwa ni ya juzi, wangeitwa polisi.

Jina hilo la Mtoro lilitokana na mwanawe. Wakubwa wa machimbo walisema kijana kaacha kazi, katoroka na mwanamke. Majirani walicheka, kisha wakazoea. Mama hakumlilia. Aliye hai haliliwi, na maiti hakuonyeshwa.

"Huyu alibeba mizigo tangu utotoni," Profesa alisema, akigeuza pingili ya mgongo. "Ona palivyosagika. Na huyu vilevile. Na huyu. Mifupa haisemi uongo, mama."

"Watu je, baba?"

Profesa akacheka kidogo.

Mfupa uliofuata ulikuwa muundi wa mguu, umegandwa na udongo. Mama akasugua. Mswaki ukakwama. Kilikuwa chuma, bamba jembamba lenye skrubu, na mfupa umeanza kulimeza pembeni. Aliwahi kuliona kwenye picha ya hospitali, mwaka ule jiwe lilipomvunja mwanawe mguu.

"Baba, hebu njoo."

Profesa alitazama, akavua miwani. "Huyu si wa kale," alisema polepole.

Meneja wa machimbo alikuwa nyuma yao, anatafuna karanga. "Profesa, hayo makumbusho yako nani anayaezeka?"

"Ninyi. Lakini..."

"Hao wa lakini ndio wamejaa makaburini."

Profesa alihangaika kutafuta bisibisi, nayo alikuwa ameishika mkononi. Alipouinua mfupa, mama akaudaka upande wa pili.

"Ni mwanangu. Nipe nikamzike, baba. Sitamwambia mtu."

"Vyuma viko vingi, mama," Meneja alijibu. "Wako alitoroka. Achia."

Hakuachia. Meneja akambandua vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama anayemenya ndizi. Profesa akalifungua bamba, skrubu zikaanguka kwenye beseni.

Makumbusho yalipofunguliwa walimpa kazi ya kufuta vioo. Watu walisema kapata bahati. Yeye aliikubali kwa sababu mwanawe alikuwa humo.

Leo wageni wamejazana mbele ya kioo cha katikati. Profesa ananyoosha kijiti.

"Tazameni matundu haya, yalivyopangana kama ya filimbi. Wahenga wetu walijua kutoboa mfupa na kuutibu. Nani alisema hatukuwa na waganga?"

Wageni wanapiga makofi. Profesa anapita karibu na mama, macho sakafuni.

Mama anapumulia kioo, anafuta. Anapumulia tena, palepale.

"Mama Mtoro," mlinzi anamwita, "hapo pameshatakata. Sogea, unawaziba watu."