Majina Tu Yatatosha

...na vidole vya Benedicta vimelala juu ya mashine ya chapa vikingoja amri ya kichwa na kichwa chenyewe hakipo, na Ndugu Liberatus, mkuu wa ofisi, amesimama mbele ya meza na kikombe chake cha chai, anasubiri kwa upole, maana si mtu mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, anarudia kwamba faili la wezi wa ng'ombe wa Ubaruku litaondoka leo kwa basi kwenda Iringa, na safari hii liende limefumbwa, asiyehusika akilifungua aone herufi tu zisizo na maana, na kwa kuwa Ndugu Benedicta ndiye mpiga chapa, yeye ndiye achague njia ya kulifumba, njia ziko tatu na zote nzuri, jambo dogo... dogo kwako, ndugu yangu, baba yako yuko kwenu Iringa anapalilia mahindi, lakini baba yake Benedicta yumo ndani ya faili hilo, ukurasa wa pili, mzee Budeba, mfugaji, amewataja wezi mmoja mmoja kwa majina na kuweka dole gumba, na hapa ofisini hakuna anayejua kuwa huyo mzee ni baba yake, wanamwita kwa jina la mumewe, Benedicta Philbert, nani atadhani kwamba huyu mwenye sketi iliyopigwa pasi nyumbani anaitwa Nyamizi na amekua akinuka maziwa... na asijue mtu, hasa Sedekia asijue, karani wa masijala, ambaye faili hili halijapita mikononi mwake, yule pale nyuma kwenye kabati la mafaili, mgongo tu unaonekana, anapangua na kupanga mafaili yaleyale tangu mkuu alipoanza kusema, Sedekia aliyeoa Ubaruku, ambaye shemeji zake wawili ni miongoni mwa waliotajwa, kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wahenga walikuwa hawajaajiriwa ofisini, wangeajiriwa wangesema zaidi.

Chagua, Nyamizi, chagua... njia ya kwanza ni kusogeza herufi, kila herufi ipishe tatu mbele, A iwe D, hii ndiyo anayoipenda mkuu kwa sababu ni ya haraka, lakini huo ni mchezo wa watoto, shuleni Misheni wasichana walikuwa wakiandikiana hivyo kuhusu sista mwenye masharubu na sista akasoma yote bila hata kuvaa miwani, Sedekia ataifungua kabla chai haijapoa... ya pili ni nambari, unachukua kitabu, unaandika ukurasa, mstari, neno la ngapi, na Kalista, mpiga chapa wa kule Iringa, naye awe na kitabu hichohicho, hii ni ngumu kweli, lakini kitabu kipi, mkuu atasema Biblia, na kila nyumba kuanzia hapa mpaka Nyololo ina Biblia, na hiyo ya ofisini itakaa hapo mezani inajifungua yenyewe kwenye ukurasa uliozoea... ya tatu ni neno la siri, herufi zinavurugwa kulifuata, asiye na neno hapati kitu, nzuri, nzuri sana, ila mkuu atalisahau, ataliandika kwa kalamu ya wino kwenye kalenda ya ukutani kama alivyoning'iniza ufunguo wa droo ya siri kwenye msumari juu ya droo yenyewe ili usipotee... na mara iliyopita faili lilikwenda wazi, likafika Iringa bahasha imegandishwa upya kwa uji, na haukupita muda nyumba ya mama Mbuke ikateketea, mjane wa watu, shahidi mmoja tu, alitoka na mtoto na kanga ya mwilini, na Benedicta ndiye aliyelichapa jina lake, M, b, u, k, e, vidole hivihivi.

Mkuu anasema kitu kuhusu muda, basi halingoji, na tena asijitese kufumba kurasa zote, majina tu yatatosha, ukificha jina umemficha mtu, na Benedicta anataka kusema hapana, neno limefika kooni, hapana, kwetu sivyo, kwetu mtu unaweza usimjue jina lakini ng'ombe wake unamjua, ukikuta ng'ombe amepotea porini huulizi, unamtazama rangi, pembe, sikio, unasema huyu ni wa fulani na unampeleka, baba hakumwambia mwandishi wa maelezo kwamba ameibiwa ng'ombe mmoja, baba alimweleza yule fahali kama mtu anayemsifu marehemu, mwekundu, baka jeupe begani, pembe ya kushoto imeinamia jicho, na akakataa kuweka dole gumba mpaka yote yaandikwe, aliposimulia nyumbani alicheka, Ng'wana wane, mwanangu, waandike vizuri, wasije wakanirudishia ng'ombe wa mtu... fumba yote, aseme, fumba na ng'ombe, lakini mkuu atauliza kwa nini, na mtu aliyelelewa mjini amejuaje mambo ya zizi, na ule mgongo pale kabatini una masikio, basi aseme uongo, aseme kuchapa yote kwa fumbo ni rahisi kwa vidole kuliko kurukaruka, ndiyo, hilo, aseme hilo, neno la siri na kurasa zote, anafungua kinywa...

Lakini Ndugu Liberatus amekwisha kuichukua karatasi mezani, kwa nia njema, kumwondolea wasiwasi, anasema sikiliza mwenyewe uone, na anasoma kwa sauti ya kanisani, jina analiruka kwa mguno, "mzee mm-hm, wa Ubaruku, ameibiwa fahali mwekundu, baka jeupe begani, pembe ya kushoto imeinamia jicho. Sasa hapo nani atajua ni nani?"

Kule nyuma mafaili yameacha kusogea... usigeuke, Nyamizi, usigeuke, ukigeuka umesema, na anasikia kabati likifungwa taratibu, anasikia viatu, Sedekia huyo amesimama kando ya mkuu, mikono nyuma, adabu tele, hamtazami yeye, anasema, "Ndugu mkuu, naomba ruhusa ya leo. Mtoto amelala na homa, mama yake ameniita," na mkuu anampa pole, anamwambia awahi, afya ya mtoto kwanza, na mlango unafunguka, baridi ya nje inaingia, mlango unajifunga, na mtoto wa Sedekia Jumapili alikuwa kanisani anakimbizana na wenzake, na herufi tatu mbele, nambari, neno la siri, zote zimekwenda na ile baridi, hakuna tena cha kufumba, kuna gari la kwenda Ubaruku stendi, moja, na nani atakuwa ndani yake, na nani atamfikia mzee kwanza... Ndugu Liberatus anapuliza chai yake, inatoa moshi bado, anamtazama kwa upole uleule, "Enhe, Ndugu Benedicta, tumechagua ipi?" na yeye anasema yoyote, mkuu, yoyote tu, na chini ya meza miguu yake inavitafuta viatu.