Gego la Mzee Hatibu

Ernesti, mkata mkonge, alikuja kwangu na shavu lililoumuka kama kitumbua. Nikamkalisha kwenye kigoda, koleo nimelificha mgongoni, nikaanza.

"Shati hilo umemvua maiti gani?"

"Unasemaje?"

"Nasema unanuka mpaka nzi wamehama. Mkeo anakuvumilia vipi, au pua aliiacha kwao?"

Akainuka nusu, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi anirudishie. Koleo ndani, jino nje. Alinitukana mpaka tusi lake likaisha ndipo akaona damu kifuani.

"Umeling'oa saa ngapi?"

Ndiyo kazi yangu pale mtaani Usagara, mwaka hamsini na sita. Makerere walinirudisha nyumbani mwaka wa tatu wa udaktari, kwa sababu niliivalisha mifupa ya darasani joho la mkuu wa bweni nikaikalisha mezani kwake. Lakini kabla ya hapo mwalimu mmoja alitusomea habari ya paka. Wataalamu walimtia umeme kidogo kwenye shina la ubongo, paka aliyesinzia akawa macho kodo, na mistari ya ubongo wake iliyochorwa na mashine kwenye karatasi ikabadilika yote. Mie nikaelewa hivi: mle ndani kuna bawabu. Akilala, huoni husikii. Akiamshwa kiasi, unaona vizuri. Akipandishwa wazimu, anakimbilia ugomvi wa mlango wa mbele, na kwa nyuma hata wahamishe makabati hana habari. Basi nagombana mbele, nang'oa nyuma.

Alhamisi moja asubuhi akaja Mzee Hatibu.

Barua yangu ya kumposa binti yake, Mastura, ilikuwa kwake wiki ya tatu bila jibu. Mzee alikuwa mpishi wa Mzungu huko Raskazone, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na tangu nimjue hajawahi kuniitikia shikamoo. Siku hiyo kajifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, tarbushi kaibana kwapani. Hospitali hataki, sindano anaiogopa kuliko kaburi.

"Shikamoo, mzee."

Akakaa, akafungua leso, akatoa barua yangu mfukoni, akainyoosha kwa mkono wa kushoto juu ya jiko la Bi Chiku, jirani yangu muuza vitumbua.

"Chiku, na nyie wote, sikieni. Huyu tapeli ati hung'oa meno mtu asijue. Nikisikia uchungu, hata wa kuumwa na siafu, barua hii mkaa. Na Mastura asimtaje tena nyumbani kwangu."

"Na usipousikia?" nikauliza.

"Koma! Fanya kazi yako."

Sasa nishike lipi? Nikimtukana baba yake Mastura, nimekosa mke kwa utovu wa adabu. Nisipomtukana, gego litamliza na barua itaungua. Nikaona bora matusi, maana tusi huombewa radhi, jivu haliombewi.

"Kanzu nyeupe, meno kama masizi ya sufuria," nikamwambia. "Huyo Mzungu wako anakula chakula chako kwa njaa au kwa adhabu?"

Macho yakamtoka. Vizuri. Nikalileta koleo. Bi Chiku akaangua kicheko.

"Mwache, Hatibu! Bibi yake mzaa mama si Msegeju wa Moa? Na wewe Mdigo mtupu. Watani nyie!"

Nikalirudisha koleo mgongoni. Vitabu vyote vile, utani nikausahau! Mtu hamkasirikii mtani wake. Akikasirika, watu wanamcheka yeye. Hasira ikamshuka Mzee kama maziwa yaliyoepuliwa. Mabega yakalegea.

"Kumbe Msegeju," akasema. "Ndiyo maana una kichwa kama dafu bovu. Haya, tukana, nakusikiliza."

Nikatukana pua yake, masikio yake, nikamtukana na marehemu babu yake. Akacheka. Nikaligusa gego kidogo tu, machozi yakamlenga, na mkono wenye barua ukashuka. Kona moja ikaanza kuwa nyeusi.

Mtani utamuudhi kwa lipi, ikiwa kutukanana ni haki yenu? Nikapiga magoti vumbini, nikashika mkono wake wa kulia, nikaubusu mbele ya watu wote.

"Shikamoo, baba mkwe."

Nyie!

"Baba mkwe wa nani? Nani kakuoza, mwanaharamu mkubwa? Mwizi wa mifupa! Baba mkwe wa nani, nakuuliza!"

Mdomo wazi mpaka kimeo nakiona. Gego lilitoka na mizizi yake mitatu, yeye bado ananiuliza. Akanitupia tarbushi, akanitupia kigoda, akaanza kuondoka. Bi Chiku akamzuia.

"Hatibu, umesikia uchungu?"

Akasimama. Akapitisha ulimi pale penye pengo. Mkali alikuwa, mwongo hakuwa. Barua ilikuwa imefinyangwa ndani ya ngumi. Akaitia mfukoni, akaenda zake.

Saa kumi alasiri huyo anarudi, mbio mbio, shavu kalishika. Hasira zimemwisha, uchungu umepata njia.

"Liseme tena lile neno, mshenzi wewe."

"Neno gani?"

"Usinichezee!"

"Baba mkwe."

Uso ukamuiva, akanitukana mpaka pumzi ikamkatika, na shavu likatulia kama dakika tano.

"Tena!"

Nikasema tena. Mtaa mzima ukatoka kutazama Mzee Hatibu kakaa kwenye kigoda changu anadai aitwe baba mkwe. Mara ya sita bado alitukana. Mara ya tisa alitukana kivivu. Mara ya kumi na mbili alinitazama tu, shavu mkononi, anangoja hasira isiyokuja. Bawabu keshalizoea jina.

"Halifanyi kazi tena," akanung'unika.

Nikampa karafuu atafune. Akaitoa barua, akainyoosha gotini, akaisoma. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza.

"Wino wa kijani! Unaposa au unaandikia mizimu? Andika nyingine. Uilete Jumapili, uje na watu wazima, na hilo koleo ulale nalo huko huko kwako."

Akasimama, akajipangusa kanzu.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba," akaitikia, na hapo ndipo alipokasirika kweli.