Ndege Huyu Si Mwanangu

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, saa mbili kasorobo asubuhi, Oksina Izergina alikuwa amekwisha kuwasha jiko la chumba cha posta cha Kuyal na kuyapanga magazeti: matatu ya wilaya, na moja la ufugaji nyuki la mzee Aiplat. Chumba hicho kilikuwa pembeni mwa ukumbi wa kijiji, na ukuta wake mmoja ulikuwa umelowa unyevu kwa miaka yote ishirini na sita aliyofanya kazi humo. Chini ya magazeti zilikuwa barua. Siku hizi zilikuwa chache, maana vijana waliandikiana kwa simu. Zilizobaki zilikuwa za pensheni, za kliniki, na zile za kijivu kutoka ofisi ya kuandikisha askari wilayani, ambazo zilianza kuja vita vilipoanza kula watu na hazikukoma tena.

Barua ya kijivu haiachwi sandukuni. Mpelekaji hugonga mlango, hutoa kalamu, na mwenye jina hutia sahihi mbele yake. Oksina alikuwa amegonga milango kumi na saba. Watu hawakumchukia. Walimkaribisha chai, wakamwambia, "Wewe ni mguu tu, Oksina. Kichwa kiko kwingine," naye akanywa ile chai kwa sababu kuikataa kungekuwa vibaya zaidi.

Siku hiyo barua ya kijivu ilikuwa moja, na anwani ilikuwa ya nyumbani kwake.

Aliizungusha kijiji kizima ndani ya mkoba. Aligawa magazeti, akamsomea bibi mmoja majibu ya kliniki mara mbili, na jioni akaitoa mezani mbele ya mwanawe Yanai, aliyekuwa anakula. Yanai akafuta mikono, akatia sahihi pale aliponyooshewa kidole. Oksina akatia yake chini, kwenye nafasi ya mpelekaji.

Yanai, Izergin pasipo 'a' ya kike mwishoni, alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa matrekta ya shamba la ushirika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo tangu alipoanguka kutoka dari la ghala la nyasi akiwa na miaka tisa. Huko wilayani daktari alimwambia atembee kutoka dirishani hadi mlangoni. Akatembea. Daktari akaandika kwamba amefika.

Kabla hajaondoka walikwenda kuomba msituni. Ukoo wa Oksina, kama nusu ya Wamari, wenyeji wa Kuyal, ulimwomba Mungu Mkuu Mweupe chini ya miti, pasipo paa. Jirani yake Chachavi, Mmari mwenziwe aliyevuka daraja kila Jumapili kwenda kanisani, alimwita mpagani, bila ubaya wowote, kama mtu anavyoitwa wa mkono wa kushoto. Mzee Aiplat ndiye aliyekuwa kart, yaani mwombaji wao. Alivaa kanzu yake nyeupe na kofia ya sufi, akasema maneno yote bila kuruka hata moja, ingawa mvua ilikuwa inamwingia shingoni.

Mle msituni hachinjwi mnyama kabla hajaulizwa. Kart humwagia maji mgongoni, kisha husubiri. Mnyama akitetemeka na kujikung'uta, Mungu amempokea. Asipotetemeka, hungojewa, humwagiwa tena, na mara ya tatu ikipita bure hurudishwa nyumbani. Oksina alipokuwa msichana alimwona kondoo dume aliyekataliwa mara tatu. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, mnene, hana adabu, akila kabichi za watu, na hakuna aliyemgusa.

Majira hayo ya baridi, akisukuma baisikeli kwenye theluji, Oksina alikuwa akiwaza juu ya jambo hilo. Watu wanaotuma barua za kijivu nao lazima wana kitu wanachokiabudu, kwa jinsi wanavyokitolea vingi. Lakini hawajawahi kumwaga maji. Hawajawahi kusimama wakangoja kuona. Wazo hili hakumwambia mtu, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa posta.

Mwezi wa pili ikaja barua nyingine, hii ikiwa na muhuri wa zambarau. Ilisema kwamba Yanai Izergin hajulikani alipo.

Mwezi wa nne theluji ikayeyuka na bata bukini wa porini wakapita wakielekea kaskazini. Mmoja akashuka uani kwa Oksina, na wenziwe hawakumngoja. Alikuwa amechubuka kifuani na alichechemea mguu wa kushoto. Hakuenda kwenye chakula cha kuku. Alikwenda moja kwa moja bandani, akasimama mbele ya sanduku la spana, akalitazama. Kisha akatoka, akamdonoa paka ambaye Yanai hakuwahi kupatana naye, akaingia ndani kwa mlango wa mbele.

"Umechelewa," Oksina alisema. Akakaanga chapati za maji za tabaka tatu. Bata akala katikati, akaacha kingo, kama alivyofanya tangu utotoni.

Alasiri Chachavi alikuja kuomba chumvi, akakuta ndege amelala karibu na jiko.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Amekonda." Chachavi akachota chumvi yake, akakaa. "Kasisi wetu anasema ndege hana roho."

"Na watoto wa watu kwenda kuuawa, anasemaje?"

"Hilo hatujafika. Bado tuko kwenye mfungo." Akamtazama yule bata kwa muda. "Wa binamu yangu alirudi wiki iliyopita, kule mtoni. Yeye hana jicho moja. Wako afadhali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika Kuyal walirudi watatu majira hayo. Watu waliacha kuwinda kwenye bwawa, na gari la maziwa lilipunguza mwendo likifika karibu na daraja.

Mwezi wa saba ukawadia, wakati wa maombi makubwa, na mzee Aiplat akapita nyumba kwa nyumba kuchagua bata wa sadaka. Alifika kwa Oksina, akavua kofia.

"Mama Yanai, sikuja kwa ajili ya huyu. Lakini watu wanauliza. Wengine wanasema waliorudi tayari ni wa Mungu, na kuwaweka uani ni wizi. Mimi sijui. Naona tumuulize mwenyewe."

Oksina akaleta maji ya kisima kwenye bakuli la mbao. Walimsimamisha Yanai chini ya mti wa uani, wakamwekea mkono mbawani. Aiplat akasema maneno, akamwagia maji mgongoni. Maji yakateremka, yakadondoka mkiani. Bata akatulia. Aiplat akangoja muda wa kutosha mtu kula kipande cha mkate. Akamwaga tena. Mara ya tatu bata alifumba macho tu, kama mtu anayenyolewa.

"Hatakiwi," Aiplat alisema. "Mungu hakumwita, na hamwiti sasa."

"Basi aliyemwita ni nani?"

Mzee alikung'uta bakuli, akamrudishia. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na aliwajua miungu wa upepo, wa nyuki, wa mazao na wa vizazi, kila mmoja kwa jina na kwa mti wake.

"Huyo hana mti kwetu," alisema, akaenda nyumba inayofuata.

Barua zenye muhuri wa zambarau ziliendelea kuja kila mwezi. Zilitaka familia itoe taarifa yoyote iliyo nayo. Oksina hakuwahi kuacha barua bila jibu. Tena jibu alikuwa nalo: mtoto alikuwa amekwenda, na sasa amerudi. Alitaka iandikwe hivyo. Akamwosha Yanai miguu, akamtia kwenye kikapu cha viazi, wakapanda basi la saa moja kwenda wilayani.

Ofisini walingoja hadi saa sita. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio wa sufi kiunoni kwa sababu ya mgongo.

"Jina la mhusika?"

"Izergin, Yanai."

Karani akavuta jalada. "Hajulikani alipo. Una taarifa?"

"Amerudi."

"Lini?"

"Mwezi wa nne, theluji ilipoyeyuka."

"Katika hali gani?"

"Bata bukini."

Karani akaandika. "Huyu ni wa nne mwezi huu," alisema. "Juzi nililetewa korongo, ilibidi tufungue milango yote miwili. Mabawa yote yapo?"

"Yapo."

"Macho?"

"Anaona vizuri."

"Miguu?"

"Wa kushoto anachechemea. Alikuwa hivyo hata mlipomchukua."

Karani aliweka kalamu chini, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. "Basi, mama, ana siku mia moja na tatu hajaripoti kikosini."

Oksina akadhani hakusikia. "Ni ndege," alisema.

"Mabawa mazima, macho mazima. Kazi watampa. Kuna vitu vya kuchungulia kutoka juu, kuna vitu vya kubeba." Karani aliinuka akijishika mgongo, akaenda kuufunga mlango, akarudi kukaa. Sauti yake haikubadilika. "Nisikilize. Nikiandika amerudi, gari litakuja kumchukua Alhamisi. Nikiandika huyu ni bata tu, basi ni bata, mnaenda zenu, na mwanao anabaki hajulikani alipo. Fomu haina nafasi ya tatu. Nimeshaandika barua kuiomba."

"Wakakujibu?"

"Bado."

Kikapu kilikuwa magotini pa Oksina. Aliweka mkono juu yake, akahisi joto la yule ndege likipenya kwenye nyufa.

"Niandike nini?" aliuliza.

"Hapa. 'Ndege huyu si mwanangu.' Na lazima neno hilo ulitamke, ndege akiwepo. Ndiyo taratibu. Kwanza mimi nasoma jina." Karani akavaa miwani, akasoma kwenye jalada: "Izergin, Yanai."

Bata akainua kichwa kutoka kikapuni, akamgeukia.

Karani alikuwa akitazama karatasi zake. "Shingo zao ni ndefu," alisema. "Huinuka kwa sauti yoyote."

Oksina akatia sahihi. Kisha akamtazama ndege usoni, maana hakutaka kusema akiwa ametazama pembeni, akasema, "Ndege huyu si mwanangu." Alilisema polepole, kama anavyowasomea barua wazee. Bata akarudisha kichwa kikapuni. Karani akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

"Mfunike ukitoka," alisema. "Pale getini hawajui kusoma nyuso, ila miguu yenye kilema wanaijua."

Njia nzima ya kurudi, ndege alitoa shingo akatazama nje ya dirisha, na dirisha lilikuwa upande usio wa mama yake. Abiria mmoja akauliza kama anauzwa. Oksina akasema hauzwi.

Tangu siku hiyo ndege hakuingia tena ndani. Alilala bandani, juu ya sanduku la spana. Chakula alikula, ila si mkononi; alingoja Oksina aweke bakuli chini, aondoke.

"Ningesema nini?" Oksina alimwuliza asubuhi moja, akifagia. "Gari lingekuja. Ulitaka gari lije?"

Bata alichokoa ubawa wake.

"Ulitia sahihi na wewe, siku ile," Oksina alisema. "Sote tulitia." Akaendelea kufagia, kwa kuwa saa yake ya kazi ilikuwa imefika.

Jina la mwanawe Oksina hakuweza tena kulitaja nje. Mtu wa ofisi ya wilaya alikuwa amepita mara mbili kuuliza habari za mashamba, akiwa na viatu visivyojua shamba. Chachavi aliona jinsi mwenzake anavyohangaika, akamwuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Siku hizi unamwitaje?"

"Namwita 'njoo.'"

"Na anakuja?"

"Siku nyingine."

Chachavi akafikiri. "Wetu tunamwita 'wewe'," alisema. "Kanisani nimemwashia mshumaa. Waliniuliza upande gani, wa walio hai au wa marehemu. Nikauweka katikati, sakafuni. Mzee wa kanisa akausogeza ukutani, watu wasije wakaukanyaga."

Mwezi wa tisa bata wa porini walipita tena, sasa wakienda kusini. Walipita siku tatu mfululizo, wakiita. Yanai alisimama uani akisikiliza. Siku ya pili alipaa hadi juu ya paa, akakaa kwenye bomba la moshi. Oksina alisimama na ndoo mkononi, akamwambia, "Nenda, kama unataka. Huko hawana karatasi." Bata alikaa pale hadi kundi likawa mstari mwembamba, kisha akashuka upande wa bustani, akaangukia mguu mbaya, akaenda bandani akichechemea. Baridi ya kwanza ilipokuja alionekana kizingitini asubuhi. Oksina akafungua mlango, akasogea pembeni, naye akapita bila kumgusa.

Mwezi wa kumi, barua za kijivu zilikuja kumi na moja kwa mpigo. Oksina alizipanga kwa mitaa, kama anavyopanga magazeti. Ya kwanza ilikuwa ya Ivuk, miaka kumi na tisa, mtoto wa Pektemir mchonga mizinga ya nyuki. Kijana alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi ya buluu dirishani, na redio kando yake ilikuwa ikisema mambo yanakwenda vizuri. Akashuka, akatia sahihi, akaacha alama ya kidole cha buluu kwenye karatasi, akaomba radhi, akapanda tena kumalizia kabla rangi haijakauka.

Baba yake aliisoma barua hadi mwisho, hata maandishi madogo ya chini. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akamkaribisha Oksina chai, naye akanywa akiwa amesimama.

"Dada Oksina," Pektemir alisema, "wako ulimlisha nini wiki ya kwanza?"

"Shayiri iliyolowekwa. Na maji ya vuguvugu, maana wanafika na kiu. Usimpe mengi kwa mkupuo."

"Na mlango wa banda. Upana gani?"

Oksina akaweka kikombe chini, akamwonyesha kwa mikono miwili. Pektemir akatoa futi ya mbao mfukoni, akapima katikati ya viganja vya Oksina, akaandika tarakimu ukutani kwa penseli. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kutafuta mbao. Oksina alikuwa na barua kumi bado. Akafunga mkoba, akapanda baisikeli.